Daftari la "Hamna": Utafiti wa Wateja kwa Mfuko wa Mwenye Duka

Mvua ilinikuta kwa Mangi, duka la mtaani kwetu Mbagala, nikajibanza kibarazani pake kama nusu saa hivi. Mtoto mmoja akaja mbio, noti imelowa mkononi. "Shikamoo Mangi. Mama anasema pampasi saizi kubwa, mbili." Mangi akajibu macho yakiwa kwenye simu: "Marahaba. Hamna, zipo ndogo tu." Mtoto akaondoka mbio vilevile alivyokuja. Akafuata kijana wa bodaboda kuulizia betri za rimoti, zimeisha. Kisha mama mmoja, kanga kichwani: "Mangi, ile sabuni ya unga ya kupima bado hujaleta tu?" Bado, mama. Mvua ilipokatika Mangi akaegemea nondo za dirisha, akashusha pumzi. "Biashara siku hizi ngumu, kaka. Wateja hakuna."

Nikamwambia nimehesabu watatu waliokuja na pesa mkononi wakaondoka nayo. Akacheka. "Hao si wateja. Hawajanunua kitu."

Mkanganyiko wenyewe ndio huo. Tumezoea kudhani mteja ni yule aliyekwisha kulipa, na kwamba kuwajua wengine wote ni kazi ya kampuni kubwa zenye vijana waliovaa fulana zinazofanana na vishikwambi mkononi. "Utafiti wa soko" tunausikia kwenye semina za ujasiriamali, benki, na kwa afisa maendeleo ya jamii pale kikundi kinapoomba ule mkopo unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu). Kwenye andiko la mradi kuna mahali pa kueleza soko la bidhaa. Watu wanaandika "Soko lipo la uhakika", wanageuza ukurasa. Hakuna aliyewaambia kwamba pale wangeweza kuandika kitu cha kweli kilichowagharimu daftari moja na kalamu.

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Utafiti wa wateja ni kutafuta jibu la swali la biashara kabla hujalilipia kwa mtaji. Basi. Dodoso ni njia mojawapo tu ya kulitafuta jibu hilo, tena mara nyingi si njia bora kwa mwenye duka. Hadhira ni wote wanaoweza kukusikia au kukuona: wapita njia, wanaotazama Status yako, majirani. Ndani ya hadhira kuna mnunuzi, yaani anayetoa pesa, na kuna mtumiaji, yaani anayekitumia kitu chenyewe, na wakati mwingine yupo wa tatu anayeamua. Mwulize fundi anayeshona sare za shule. Mtoto anavaa, mzazi analipa, lakini rangi na mshono vimeamuliwa na shule. Fundi anayewahoji watoto kuhusu mshono anapoteza muda wake. Maswali ya kitambaa na uimara ni ya mzazi, na saa ya kumpata ni Desemba na mwanzoni mwa Januari, wakati anahangaika na mahitaji ya shule.

Swali lenye pesa ndani yake

"Nataka kuwajua wateja wangu" si swali. Ni kama kumwambia konda wa daladala "nipeleke mjini" bila kusema unashuka wapi. Swali linalofaa ni lile ambalo jibu lake litabadilisha utakachofanya kesho: nifungue saa kumi na mbili asubuhi au saa mbili? Nilete pampasi kubwa au niongeze ndogo? Watu wanapita kwangu kwenda kwa jirani kwa sababu ya bei, au kwa sababu yeye anakopesha? Ukiona kwamba jibu lolote litakalokuja utafanya lilelile ulilokwisha panga, acha kuuliza, endelea na kazi.

Ukishapata swali, kabla ya kwenda kwa watu angalia ulichonacho. Mwenye biashara ndogo amekalia taarifa nyingi kuliko anavyodhani. Miamala ya lipa namba inaonyesha saa na kiasi. Daftari la madeni linaonyesha nani anakopa nini na tarehe ngapi. Kinachokosekana karibu kila duka ni kumbukumbu ya mauzo ambayo hayakutokea, na hayo ndiyo yanayofundisha zaidi.

Ndipo nilipomshauri Mangi afungue daftari la "hamna". Kila anapotamka "hamna", "imeisha" au "bado sijaleta", anapiga mstari. Safu zake ni nne tu: saa, kitu kilichoulizwa, aliyeuliza (mtoto, mama, kijana, fundi, jina halihitajiki), na kilichofuata, yaani aliondoka au alichukua kitu kingine. Safu ya mwisho inaonekana ndogo lakini usiiache. Anayekosa soda ya baridi akachukua maji hajakupotezea kitu. Anayekosa pampasi anaenda duka la pili, na huko atanunua pia sukari, mafuta na vocha ambavyo wewe unavyo.

Wiki ya kwanza daftari litakuwa na fujo. Kuna kitu kimoja kitatajwa mara nyingi, kumbe ni mtu mmoja king'ang'anizi anayekuja kila siku. Kuna kitu kitaulizwa mara moja tu, na hicho usikikimbilie Kariakoo. Wiki tatu hadi nne ndizo zinazoanza kusema, kwa sababu mwezi wa Mtanzania una tarehe zake: mshahara unaingia, kodi ya nyumba, ada, halafu zile siku ambazo watu wananunua mafuta ya kupikia kwa kipimo kidogo kabisa. Ukihesabu tarehe 28 peke yake utaamini mtaa mzima ni tajiri.

Tutanunua sana, dada

Sasa kuuliza. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa wakiwa na dodoso lao safi mkononi, na sababu yake ni adabu zetu. Kwetu kumkatisha mtu tamaa usoni ni utovu wa heshima. Mteja wa Kariakoo akisema "nitapita baadaye" muuzaji anajua maana yake, wala hamsubiri. Lakini muuzaji huyohuyo akiwauliza watu "nikileta bidhaa hii mtanunua?" wakamjibu "tutanunua sana", anakwenda kuchukua mkopo. Wakati mwingine ule wa kausha damu, wenye riba ya kuumiza.

Binti mmoja ninayemfahamu alitaka kupika chakula cha mchana na kupeleka maofisini, mitaa ya Posta. Alizunguka akiuliza kama watanunua. Wakamwambia leta dada, tutakuunga mkono. Siku ya kwanza alibeba sahani 20, akauza 6. Akaja kwangu analia kwamba watu wa Dar waongo. Si waongo, walimpa alichoomba, nacho kilikuwa baraka zao. Tukarudi naye safari ya pili, akauliza kuhusu yaliyokwisha kutokea badala ya yajayo.

"Samahani kaka, jana mchana ulikula wapi?"

"Jana? Jana sikula. Nilikunywa chai na chapati mbili saa nne, ikatosha."

"Na juzi?"

"Juzi nilienda kwa mama pale nyuma. Wali maharage."

"Ulitoa shilingi ngapi?"

"Elfu mbili. Ila kusema kweli sijatoa. Tarehe hizi mama ananiandika, namlipa mshahara ukitoka."

Angalia alichopata kwa maswali matatu. Mshindani wake siyo mgahawa wa kona. Ni chapati za saa nne na daftari la mama ntilie. Huyo kaka hanunui wali tu, ananunua na subira ya kulipwa mwisho wa mwezi, na binti wetu hakuwa na mtaji wa kukopesha. Dodoso lenye "ndiyo", "hapana" na "labda" lisingemwambia hilo hata kama lingejazwa na watu mia tano. Aliacha sahani kubwa, akaanza kupeleka vitafunwa saa nne.

Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: uliza mara ya mwisho. Mara ya mwisho ulinunua lini, wapi, kwa bei gani, nini kilikuudhi, ulipokosa ulifanyaje. Halafu nyamaza. Ukimya wa kidogo tu unamfanya mtu aongeze ile sentensi inayoanza na "kusema kweli". Mshukuru kwa soda au vocha ya elfu moja ukiweza, lakini mpe mwishoni. Ukitanguliza, atakujibu vizuri ili kuilipia.

Watu wangapi wanatosha?

Hili swali linaulizwa kila mara, na uongo unaozunguka ni kwamba wengi ndio ukweli. Mpishi akitaka kujua kama mchuzi umekolea chumvi hanywi sufuria nzima, anaonja kijiko. Lakini anakoroga kwanza. Asipokoroga, hata akinywa bakuli zima la juu hatajua chumvi iliyotuama chini. Kijiko hicho ndicho wataalamu wanachokiita sampuli, na kukoroga ndiko kuhakikisha kila aina ya mtu ana nafasi ya kuingia humo.

Kisa kinachotajwa sana ni cha Marekani mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma kura za maoni kama milioni 10 kuuliza nani angeshinda urais, zikarudi zaidi ya milioni 2. Jarida likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, wakati mwenye simu na gari hakuwa mtu wa kawaida. Tena waliojisumbua kurudisha hawakuwa sawa na walionyamaza. George Gallup, kwa sampuli ndogo sana kulinganisha na hiyo lakini iliyokorogwa vizuri zaidi, alimtaja mshindi sahihi.

Wewe ukirusha dodoso la Google Forms kwenye magrupu yako ya WhatsApp unafanya kosa la Literary Digest kwa ukubwa wa mtaa. Watakaojibu ni wenye bando, wanaokujua, wanaokupenda. Shangazi yako atajaza mara mbili.

Idadi yenyewe inategemea unatafuta nini. Ukitafuta sababu, yaani kwa nini watu wanafanya wanavyofanya, ongea na mmoja mmoja hadi uanze kusikia yaleyale. Kwa kundi moja la watu wanaofanana, mara nyingi unafika hapo kabla ya mtu wa kumi na tano. Ukitafuta kiasi, kwa mfano asilimia ngapi ya nyumba za mtaa zinapikia gesi, hapo hesabu inadai zaidi. Watu 100 waliochaguliwa bila upendeleo watakupa jibu linaloweza kupishana na ukweli kwa kama pointi 10 juu au chini: 60 wakisema gesi, ukweli kwa kawaida uko popote kati ya 50 na 70. Kuipunguza hiyo 10 iwe 5 unahitaji watu 400, mara nne. Mwenye genge hahitaji kujua kama ni 58 au 63. Anahitaji kujua kama ni wengi au wachache.

Tazama mikono

Kuna vitu mtu hawezi kukuambia hata akitaka, kwa sababu havijui mwenyewe. Hivyo unavitazama.

Mfano mkubwa tunao hapahapa Afrika Mashariki. Majaribio ya M-Pesa yalianza Kenya mwaka 2005, na lengo lake la awali lilikuwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo wapokee na kurejesha mikopo yao kwa simu. Waliokuwa wakiendesha majaribio wakaona watu wanafanya mambo mengine kabisa: wanatumiana pesa wao kwa wao, na wengine wanaiweka mahali pamoja kabla ya safari ili waitoe wanakokwenda, wasitembee nayo mfukoni. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mikopo iliachwa pembeni na ujumbe ukawa mmoja: tuma pesa nyumbani.

Kutazama kwako wewe ni kukaa mahali na kuhesabu. Unataka kukodi fremu karibu na kituo cha daladala? Mwenye fremu atakuambia "hapa watu wanapita sana". Kaa hapo kwa muda wa saa nzima asubuhi, saa nzima mchana na saa nzima jioni, siku ya kazi na Jumapili. Hesabu wanaopita, wanaosimama, na wanaobeba mfuko. Wapita njia elfu wanaokimbilia gari asubuhi si soko la viatu. Ni soko la karanga, maji na maandazi. Wanaoshuka jioni wakielekea nyumbani ndio wanaobeba mboga. Upande wa barabara nao ni jambo, maana mtu aliyechoka havuki barabara kwa ajili ya nyanya.

Acha pesa ijibu

Baada ya kusikia na kuona, jaribu kidogo. Anayetaka kuuza siagi ya karanga asinunue mashine. Atengeneze makopo 20, aweke bei, achukue oda na malipo ya awali hata ya nusu. Aliyelipa nusu amekujibu kwa lugha isiyo na adabu ndani yake. Ukitaka kulinganisha bei, badilisha wiki kwa wiki, wala usimtoze jirani huyu elfu nne na yule elfu tano siku moja. Watakutana kisimani.

Lakini hata jaribio lina mtego wake. Coca-Cola walionjesha soda yao mpya kwa watu karibu 200,000, wengi wakaipenda kuliko ya zamani. Wakaileta sokoni tarehe 23 Aprili 1985 na kuiondoa ya zamani. Watu wakachachamaa, na tarehe 11 Julai, siku 79 baadaye, kampuni ikatangaza kuirudisha. Waonjaji hawakudanganya. Waliulizwa kuhusu funda la soda. Hawakuulizwa vya kutosha wangejisikiaje wakinyang'anywa ile waliyoizoea tangu utotoni. Ndiyo maana ukionjesha juisi yako bure sokoni, sifa utakazopata ni za juisi ya bure.

Mitandaoni mambo ni hayohayo, ila makelele ni mengi zaidi. Wafuasi si wateja. Elfu kumi wa Instagram waliokuja kwa ajili ya video ya kuchekesha hawatakulipia hata kodi ya fremu. Wanaokuandikia "bei?" ndio wa kuhesabu, na hapa nina ugomvi wangu wa siku nyingi na wauzaji wanaojibu "njoo inbox". Weka bei hadharani. Ukiificha, hutajua kama watu wanakimbia bei au wanakimbia usumbufu wa kukufuata. WhatsApp Business ni ya bure na ina lebo. Weka lebo ya "aliuliza hakununua" na baada ya mwezi uifungue. Hilo nalo ni daftari la hamna, la kwenye simu.

Ukitaka kujua mtaa wako una watu wangapi, serikali imekwisha kukuhesabia. Sensa ya Agosti 2022 ilipata Watanzania 61,741,120, Dar es Salaam peke yake 5,383,728, na takwimu za hadi ngazi ya kata zinapatikana bure kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Wastani wa kaya nchini ulikuwa watu 4.3. Kata ya watu 30,000 ina basi kama kaya 7,000, na kutoka hapo unaweza kupiga hesabu ya nyumba ngapi zinaweza kuhitaji unachouza kabla ya kuandika "soko lipo la uhakika". Wakenya wanayo ya kwao ya 2019. Na ukianza kukusanya majina na namba za watu, waombe ridhaa na waambie za nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, haijaandikwa kwa ajili ya mabenki tu.

Mangi alilishika daftari wiki nne. Sabuni ya kupima, ambayo mimi ningeapa ndiyo ingeongoza, iliulizwa mara tatu, zote na yule mama wa kanga. Pampasi kubwa zilipigwa mistari 23, karibu zote baada ya saa kumi na mbili jioni, na zaidi ya nusu walioondoka ni watoto waliotumwa. Betri za rimoti 11. Kilichomshtua ni vocha za mia tano: "hamna" mara 17, zote usiku, huku zikiwa zimejaa kwenye droo ambayo mdogo wake anayemshikia duka usiku hakuwa na ufunguo wake.

Nilipopita wiki iliyofuata, pampasi kubwa zilikuwa zimening'inizwa dirishani. Akanifungulia daftari, akaliangalia, akakuna kichwa.

"Kaka, humu nimeandika waliokuja kuuliza. Sasa wale wanaopita moja kwa moja bila hata kugeuza shingo?"

Sikumjibu, maana alikuwa amekwisha jijibu. Jumapili hiyo alimwachia mdogo wake duka na ufunguo wa droo, akavuka barabara, akakaa kwenye benchi la mwenzake anayeuza ng'ambo, na kwa pesa yake akanunua soda ambayo yeye mwenyewe anayo katoni tatu.